Grini isiyoamka baada ya kipupwe: kutafuta chanzo udongoni kabla ya mvua

Ikifika katikati ya Septemba huku Mufindi, mkoani Iringa kusini mwa Tanzania, ukungu wa asubuhi unaanza kupungua, chai inatoa majani mapya, na pale kwenye uwanja wa gofu macho ya kila mtu yanahamia kwenye grini. Kwa asiyeujua mchezo, grini ni kile kipande cha majani mafupi mno kinachozunguka shimo na bendera, mahali ambapo mpira haurushwi tena bali unabingirishwa. Ni kipande kidogo, mara nyingi mita za mraba 400 hadi 600, lakini kila mchezaji lazima akikanyage. Baridi ya Juni hadi Agosti ikishapita, ndipo aibu zote za mwaka uliopita zinapotokeza: mabaka, njano, maji yanayosimama, ardhi ngumu kama sakafu.

Jambo la kwanza ni kalenda. Vitabu vingi vya kazi hii vimeandikwa Ulaya na Marekani, na vinaelekeza grini zitobolewe matundu ya kupitisha hewa na maji Machi au Aprili, majani yanapochipua kwao. Kwetu Machi mvua bado zimeshika. Ukiifuata kalenda hiyo utakuwa unatoboa matope. Nyanda za juu kusini zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, kwa hiyo majira yetu ya kuchipua ni Septemba na Oktoba: baridi imekwisha, jua limerudi, radi bado. Hizo ni wiki sita, zikikaa vizuri nane, za kutafuta ugonjwa, kutoboa, kujaza mchanga na kuacha vidonda vifunge.

Jambo la pili ndilo lililonifanya niandike. Kosa ninaloliona kila mwaka, kwenye viwanja vya gofu na hata vya mpira wa miguu, ni mtu kuona majani ya njano akakimbilia mfuko wa mbolea. Njano inaweza kuletwa na njaa, kiu, maji mengi, baridi, mdudu, kisu butu au mizizi iliyokosa hewa. Mbolea inatibu moja tu kati ya hayo, na mengine inayazidisha. Kabla hujanunua chochote, toa udongo uutazame.

Kipisi cha udongo ndicho kinachosema

Kila uwanja wa gofu una chombo cha kuhamishia shimo la bendera. Upana wa shimo ni milimita 108 dunia nzima, na chombo kile kinatoa kipisi cha udongo cha mviringo, kina cha sentimita 15 hadi 20, majani yakiwa juu yake. Wengi wetu tunakitoa, tunakipachika kwenye shimo la zamani, tunaendelea na safari. Mimi nimejizoeza kukilaza kwanza juu ya gunia na kukipasua katikati kwa kisu, kama mtu anavyopasua mkate. Kama huna chombo hicho, kisu kirefu cha jikoni na koleo jembamba vinatosha.

Toa vipisi vitatu: kimoja mahali pazuri, kimoja mahali pagonjwa, na kimoja mpakani. Cha mpakani ndicho chenye maneno mengi, maana utaona kwa jicho mahali hali inapogeuka.

Anzia juu. Chini ya majani mabichi kuna zulia la vikonyo na mizizi iliyokufa, rangi ya tumbaku. Lipime kwa rula. Likiwa chini ya milimita 12, mmea unaweza kuishi nalo, tena linasaidia kupokea kishindo cha mpira na mguu. Likizidi hapo linanyonya maji kama sponji na kuyazuia yasishuke, na mizizi inaamua kuishi humo humo badala ya kwenda chini. Kisha tazama mizizi yenyewe: myeupe na inayonyooka ni mizima, ya kahawia inayokatika ukiivuta imekufa. Ikikomea sentimita tatu, jua kuna kitu hapo kinachoizuia, na utakiona ukipitisha ncha ya kisu taratibu kutoka juu kwenda chini. Mkono unahisi mahali udongo unapobadilika kabla jicho halijaona. Mwisho, nusa. Udongo mzima unanukia kama shamba baada ya mvua ya kwanza. Ukinuka yai bovu, hewa imekwisha humo ndani.

Vipisi vyako vikiwa juu ya gunia, sasa twende kwenye dalili moja moja.

Grini nzima ya kahawia, jirani zake zimeamka

Majani mengi ya grini zetu ni jamii ya ukoka, ama ule wa kienyeji uliokatwa ukazoea, ama aina zilizochaguliwa kwa kazi hii kama Tifdwarf, iliyotolewa Tifton, Georgia, Marekani mwaka 1965. Ukoka ni mmea wa joto. Udongo ukipoa unalala, na unaanza kusukuma mizizi kwa nguvu pale joto la udongo linapofika nyuzi 18 hivi. Iringa mjini iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, Mbeya 1,700 hivi, na huku Mufindi tunakaribia 1,900. Usishangae grini yako kuchelewa kuliko ya mwenzako wa bondeni. Chomeka kipimajoto sentimita tano ardhini saa tatu asubuhi, siku tano mfululizo. Kama bado kinasoma 14 au 15, hakuna ugonjwa hapo. Subiri.

Kama udongo umepata joto na majani bado ya kahawia, kwaruza kikonyo kwa ukucha. Ndani pakiwa peupe au kijani, kiko hai. Pakiwa pakavu na kahawia hadi katikati, kimekufa, na mara nyingi chanzo ni cha Julai. Sakitu ikitanda usiku, maji ndani ya jani yanaganda, na mguu wa mtu unalivunja jani kama kioo. Siku mbili baadaye unaona nyayo nyeusi zimejipanga kutoka ukingoni hadi kwenye bendera, moja baada ya nyingine, waweza hata kuhesabu alikopita. Dawa yake ni ya mwaka ujao: asubuhi ya sakitu hakuna anayekanyaga grini mpaka iyeyuke, hata kama mgeni ametoka mbali. Wengine hukata majani chini mno kipindi cha baridi ili mpira uende kasi. Ukoka ukilala haurudishi kilichokatwa. Inua kisu cha mashine ya kukatia milimita moja au mbili kuanzia Juni, uwaeleze wachezaji kwa nini.

Chunguza kivuli pia. Grini inayokosa jua la asubuhi kwa sababu ya miti ya milingoti au misindano upande wa mashariki inabaki na umande hadi saa nne, udongo wake haupati joto, na inaamka wiki mbili nyuma ya wenzake. Matawi machache ya chini yakiondolewa yanafanya kazi kuliko mfuko mzima wa mbolea.

Maji yanasimama, au yanateleza pembeni bila kuingia

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo nitakaa.

Pima kwanza, usikisie. Chukua kopo kubwa la maziwa ya unga, likate pande zote mbili, liingize ardhini sentimita tano. Lowesha mahali hapo, acha yashuke, kisha mimina maji yafike kina cha milimita 25 na utazame saa. Yakishuka kwa dakika 10, hiyo ni kasi ya milimita 150 kwa saa, kiwango ambacho chama cha gofu cha Marekani kinataka kwa grini mpya ya mchanga. Yakichukua saa nzima, grini yako inameza milimita 25 tu kwa saa, na mvua ya radi ya Januari inaweza kuleta zaidi ya hizo kabla hujamaliza kufunga turubai. Rudia mahali patatu.

Kisha rudi kwenye kipisi. Vyanzo ni vitano, na kila kimoja kina sura yake.

Kisu kikikataa kuingia sentimita chache za juu halafu kikapita kwa urahisi chini yake, udongo umeshindiliwa na miguu na mashine. Mizizi utaikuta imelala ubavu. Dawa ni kutoboa.

Kipisi kikibonyea ukikibana kwa vidole na kutoa maji, zulia limekuwa nene. Dawa ni kutoboa kwa bomba linalotoa udongo nje, siyo msumari unaosukuma tu pembeni, na kutandaza mchanga kidogo kidogo mwaka mzima.

Ukiona mstari mweusi wenye harufu ya yai bovu, maji yamekaa mahali hapo muda mrefu hadi hewa ikaisha, na vijidudu visivyohitaji hewa vinatengeneza gesi inayoua mizizi. Punguza maji kwanza kabla ya jambo lingine lolote. Mbolea ya SA (salfeti ya amonia) iweke pembeni kwa muda, kwa kuwa salfa iliyomo ndiyo chakula cha tatizo hilo. Toboa, na uipe jua.

Kama udongo wa juu ni mzuri lakini kipisi chote kimelowa hadi chini, shuka ukaangalie mdomo wa bomba la kutolea maji pembeni ya grini. Nimewahi kutumia siku mbili kuwaza udongo, kumbe mdomo wa bomba ulikuwa umezibwa na mizizi na rundo la majani ya misindano. Tuliuzibua kwa fimbo na maji yakatoka nusu saa nzima.

Cha tano ni tabaka la mchanga mbaya, na hili nitalieleza kwa yaliyonikuta.

Mwaka mmoja tuliletewa tripu ya mchanga wa mtoni, mweupe, unaong'aa. Tulikuwa tumeshatoboa grini tatu na matundu yalikuwa wazi. Kijana mmoja tuliyekuwa naye alishika konzi ya ule mchanga, akafungua mkono, akaniambia, "Fundi, huu mchanga unapaka." Kiganja chake kilikuwa na vumbi la kijivu kwenye mistari yote. Nikamjibu tuendelee, lori limeshalipwa na matundu hayawezi kukaa wazi. Tukatandaza, tukafagia, tukamwagilia. Januari ilipofika, grini zile tatu zilikuwa na madimbwi na utandu wa kijani unaoteleza, na zile ambazo hatukuzigusa zilikuwa salama. Nilipopasua kipisi nikakuta mstari wa kijivu, milimita tatu tu, laini kama udongo wa mfinyanzi. Milimita tatu zilitugharimu misimu miwili ya kutoboa na kujaza upya. Yule kijana alikuwa ameona kwa kiganja kile ambacho mimi nilikiona kwa kisu miezi mitatu baadaye.

Sasa hakuna mchanga unaoshuka kwenye lori kabla ya jaribio la chupa. Chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, mchanga hadi theluthi, maji karibu hadi mdomoni, kofia, tikisa dakika mbili, weka mezani. Mchanga unatulia ndani ya dakika moja. Kinachobaki kimechafua maji ni vumbi la mfinyanzi na tope laini. Acha hadi kesho yake. Ukiona utando wa tope juu ya mchanga unaofikia unene wa ncha ya kidole, kataa. Ukiona unyuzi mwembamba tu, uoshe kwa maji ujaribu tena. Chembe unazozitaka ni za kati ya robo milimita na milimita moja. Zilizo kubwa kuliko milimita mbili zinagonga visu vya mashine, zilizo ndogo kama unga zinaziba. Na mchanga wa mwaka huu ufanane na wa mwaka jana, maana hata mchanga mzuri juu ya mchanga mzuri wa ukubwa tofauti unatengeneza tabaka.

Kutoboa kwenyewe

Mwenye mashine atafuata kitabu chake. Wengi wetu hatuna, na nimechoka kusikia kwamba bila mashine kazi haiwezekani. Hesabu ni hii. Fundi wa kuchomelea anatengeneza chombo cha kukanyaga chenye mabomba manne, tundu la ndani milimita 12, yamepangwa kwa umbali wa sentimita tano, ncha zimenolewa kwa ndani, na kila bomba limepasuliwa ubavuni ili udongo utoke juu. Matundu kila sentimita tano ni matundu 400 kwa mita ya mraba. Grini ya mita 400 ni matundu 160,000, yaani mikanyago 40,000. Mtu mmoja akikanyaga mara kumi kwa dakika, ni saa 67. Watu sita wanamaliza kwa saa 11 hivi, siku mbili zenye mapumziko ya chai. Siyo kazi ndogo, lakini si ya ajabu kwa watu waliozoea kulima kwa jembe.

Kina kiwe sentimita nane hadi kumi, kipite chini ya mahali mizizi ilipokwama. Ukitoboa kina kilekile kila mwaka, chini yake panajishindilia pawe sakafu mpya, kwa hiyo badilisha. Unyevu nao una nafasi yake: chukua udongo, ufinyange. Ukishikana na kuvunjika kwa kidole, siku ni ya leo. Ukipakaa mkono, ngoja. Ukimwagika kama unga, mwagilia jioni utoboe asubuhi.

Vipisi vifagiliwe vyote siku hiyohiyo kabla havijakauka. Kisha mchanga, mkavu kabisa, maana mchanga wenye unyevu unaziba mdomo wa tundu na kuacha pango ndani. Kila tundu linameza mililita 11, kwa hiyo mita moja ya mraba inataka lita nne na nusu, na grini ya mita 400 inataka karibu mita za ujazo 1.8 za kujaza matundu peke yake. Ongeza nusu mita ya ujazo ya kulainisha uso. Fagio la chelewa linaingiza mchanga vizuri kuliko fagio la plastiki. Vuta mikono kwa mduara, upande mmoja halafu mwingine. Tulishafunga pia kipande cha zulia kuukuu nyuma ya toroli tukakikokota, nacho kinafaa. Utajua umemaliza ukiona ncha za majani zinachungulia juu ya mchanga. Zikizama kabisa, umezidisha, na majani yatapauka kwa kukosa mwanga.

Mwagilia kidogo mara mbili kwa siku kwa wiki ya kwanza. Siku ya tano hivi, yape majani chakula chepesi: gramu 12 za SA kwa mita ya mraba zinatoa gramu mbili na nusu za naitrojeni, na kwa grini ya mita 400 hiyo ni kilo 4.8. Pima kwa mizani, nyunyiza majani yakiwa makavu, kisha mwagilia papo hapo isije ikaunguza. Kama kipisi chako kilikuwa na ule mstari mweusi, tumia CAN, mbolea ya naitrojeni yenye kalsiamu, badala yake, kilo 3.8 zinatosha.

Mabaka makavu ingawa unamwagilia kila siku

Hii inawachanganya wengi, kwa sababu mpira wa maji umepita hapo asubuhi na saa nane baka limenyauka. Toa kipisi, kilaze, dondosha matone ya maji kila sentimita mbili kuanzia juu kwenda chini. Tone likikaa kama shanga zaidi ya nusu dakika bila kunywewa, mchanga huo umevikwa ute wenye mafuta unaotokana na mimea inayooza, na umekataa maji. Ukizidisha maji yanateleza kwenda kwa jirani, naye anazama. Toboa matundu membamba ya kusongamana kwenye baka tu, kisha mwagilia taratibu, dakika tano, pumzika kumi, tena tano, siku kadhaa. Ziko dawa za kulowanisha udongo zinazouzwa kwa kazi hii. Zinafaa, ila zifuate maelekezo ya lebo, na zimwagiliwe zishuke kwenye mizizi.

Matone yakinywewa vizuri, basi tafuta kwingine. Chomeka fimbo ya chuma uone kama kuna jiwe karibu na uso. Panga makopo matupu juu ya grini ufungue maji dakika 15, ulinganishe vina: mara nyingi utakuta kopo la kwenye baka limepata nusu ya mengine. Na kama kuna mlingoti ndani ya mita 20, chimba mtaro mwembamba kati yake na grini. Utakuta mizizi yake imeshafika. Ikate, na kila mwaka urudie.

Ardhi inayovimba, kufukuliwa au kutoka matundu usiku

Vijia vilivyoinuka kama mishipa, vinavyobonyea chini ya kidole, ni chenene. Changanya vijiko viwili vikubwa vya sabuni ya maji kwenye lita nane za maji, mimina kwenye mita moja ya mraba jioni, subiri dakika tano. Wakiwemo, watapanda wenyewe. Kunguru au kanga wakifukua sehemu moja kila asubuhi, wanakula funza weupe wa mbawakawa. Sabuni haiwatoi. Kata majani pande tatu za mraba wa sentimita 30, yafunue kama unavyofunua blanketi. Funza wamejikunja kama ndoana, vichwa vya kahawia, na mizizi wameikata ndiyo maana majani yananyanyuka bila kushikilia. Mmoja au wawili si vita. Wakizidi watano kwenye kipande hicho, mtafute bwana shamba akuelekeze dawa iliyosajiliwa, na uitumie funza wakiwa wadogo.

Vilima vya udongo laini ni fuko, yule yule anayemaliza viazi Njombe na Makete. Mtego wa waya kwenye njia yake ndio umetusaidia. Kumwaga maji shimoni kunaharibu grini kuliko yeye.

Vichuguu vidogo vya tope la duara ni nyungunyungu. Waache. Fagia vikikauka.

Madoa ya ukubwa wa sarafu, na duara za uyoga

Madoa ya rangi ya majani makavu, upana wa sarafu, yenye utando kama wa buibui asubuhi yenye umande, ni kuvu inayopenda majani yenye njaa na yanayokaa yamelowa. Kabla ya dawa, futa umande kila asubuhi kwa kukokota kamba ndefu juu ya grini, watu wawili wakishika ncha, na uongeze chakula kidogo. Mara nyingi inaishia hapo. Duara za kijani kibichi, mara nyingine zenye uyoga mvua zikianza, zinalishwa na mti au mizizi iliyozikwa chini. Toboa na umwagilie ndani ya duara.

Umetoboa, wiki ya tatu matundu bado hayajafunga

Tazama ncha ya jani kwa karibu. Ikiwa imechanika na kupauka, kisu cha mashine ni butu. Pitisha karatasi ya gazeti kati ya silinda na kisu cha chini, zungusha kwa mkono: lazima ikatike safi urefu wote. Panapokunjwa bila kukatika ndipo panaponyofoa majani yako.

Ncha zikiwa safi, pima joto tena. Kutoboa Agosti ili kuwahi mashindano kunaacha vidonda wazi mwezi mzima, maana mmea bado umelala. Ncha safi, joto zuri, lakini majani ya kijani kilichopauka yasiyokua: hapo sasa ndipo njaa, au tindikali. Udongo wa ukanda wa chai ni mchachu kwa asili, ndiyo sababu chai inaupenda, na ukoka unafurahia pH ya 6 hadi 7. Lakini grini iliyojengwa kwa mchanga haina udongo wa jirani yake. Peleka sampuli maabara, kama ile ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, kabla ya kumwaga chokaa ya kilimo, kwa sababu mchanga hauna nguvu ya kuhimili chokaa nyingi na ukikosea juu ni vigumu kurudi.

Na kama kinachofunga matundu ni majani mapana yenye kijani cha limau, huo ni ukikuyu (nyasi za kikuyu) unaingia kutoka pembezoni. Asili yake ni nyanda za Afrika Mashariki, baridi yetu haimsumbui, kwa hiyo anapata nafasi wakati ukoka umelala. Kata mpaka wa grini kwa koleo kina cha sentimita kumi kila wiki mbili, na kila kikonyo kilichovuka king'oe kwa mkono pamoja na vifundo vyake, kwa sababu kifundo kimoja kikibaki ardhini, mvua ya Novemba itakiamsha.